Kazi Ikishakupa Jina

Pitia majina kwenye simu ya Mnairobi yeyote na utakutana na Wanjiru Benki, Otieno Bima, Kevo Stima na Mama Mboga wa Steji. Ubini umeachwa, na kazi imekalia nafasi yake. Ni njia ya kurahisisha mambo tu, maana mji una akina Wanjiru wengi, lakini inaonyesha tunavyotambuana. Hata matangani, ukishajitaja jina, swali linalofuata ni "unafanya wapi?", na jibu lako ndilo linaloamua utapewa kiti gani.

Kwa hiyo ushauri tunaopewa kila siku, kwamba mtu apunguze kazi ajitafute, unafika hapa ukiwa umepungukiwa. Unachukulia kwamba mshahara ni wa mtu mmoja. Mshahara unaopatikana Upper Hill hulipa nyumba ya Ruaka, karo ya mdogo aliye chuoni, dawa za presha za mama kijijini, mchango wa chama na mkopo wa Sacco, na tarehe kumi ikifika umebaki wa nauli. Kwa aliye wa kwanza katika ukoo wake kuingia ofisini, cheo si pambo. Ndicho kilichomfanya awe kaka wa kutegemewa au binti ambaye wazee humsubiri kabla hawajaamua jambo. Ukimwambia kwamba yeye si kazi yake umesema nusu ya ukweli, tena ile nusu isiyomsaidia mwisho wa mwezi. Wanaohubiri mapumziko huiruka hoja hii, nami naona wanakosea.

Hoja ya upande wa pili, hata hivyo, ni nzito zaidi, na imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba mtu akiachishwa kazi kwa sababu nafasi yake imefutwa, alipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Piga hesabu. Miaka minane ya chakula cha mchana kuliwa mbele ya kompyuta, ya kukosa mikutano ya wazazi shuleni, ya kujibu bosi Jumapili ukiwa kanisani, inakuwa siku 120. Mwajiri mkarimu ataongeza kidogo, lakini hicho ndicho kiwango ambacho hawezi kukishusha. Na pesa ni sehemu ndogo ya hasara. Kadi ya mlangoni inarudishwa, unaondolewa kwenye kundi la WhatsApp ulilokuwa ukiamkia, na waliokuwa wakikupigia mara tano kwa siku wanapata namba ya aliyebaki. Hawana ubaya na wewe. Walikuwa wakipigia kiti. Aliyekuwa amejimaliza kwenye kiti hicho hana pengine pa kupokelea simu.

Kuhusu muda hatuna haja ya kubishana sana. Anayetoka Ruiru anajua ni lazima awe barabarani kabla jua halijachomoza, na Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, haipiti kwake. Wanaofanyia kazi nyumbani kwa ajili ya kampuni za Marekani wameepuka jamu lakini wameuziwa usiku: mkutano wa saa nane mchana New York ni saa tatu usiku hapa, na msimu wao wa baridi ukiingia unasogea hadi saa nne. Mtoto ameshalala.

Je, sheria itatuokoa? Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Ufaransa ina sheria ya aina hiyo tangu Januari 2017. Shirikisho la Waajiri, FKE, liliupinga. Naelewa wasiwasi wa waajiri: mteja aliye mbali haendi kwa saa zetu, na biashara hiyo inaweza kuhamia kwingine. Lakini hata sheria tuliyo nayo haitumiki ipasavyo. Inatoa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka na siku moja ya mapumziko kwa kila saba, na bado tunao watu wanaojisifu kwamba hawajaenda likizo tangu waajiriwe, kana kwamba kuna medali. Na mwenye bodaboda anayelipwa kwa kila mzigo, asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa, atamzimia nani simu?

Nikiulizwa, mimi ningeanza na jambo dogo kuliko sheria. Mapumziko ya peke yako ndiyo ya kwanza kuliwa na kazi, kwa sababu hakuna anayekudai. Ukipanga kusoma kitabu Jumanne jioni na bosi akapiga, kitabu hakitalalamika. Lakini ukiwa sauti ya besi kwenye kwaya, au ndiye mlinda lango wa timu ya wazee inayocheza Jumamosi asubuhi, kuna watu watakaouliza uko wapi. Hapo una sababu ambayo hata bosi anaielewa, na una mahali unapoitwa kwa jambo lingine kabisa: yule mwenye besi, yule asiyeshika mipira ya juu. Haimfai kila mtu. Muuguzi wa zamu hawezi kuahidi Jumamosi yoyote, na kwake suluhisho ni waajiriwe wauguzi zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo Mnairobi ataitambua mara moja. Tukipewa kwaya tutaichagulia mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tutaiwekea faini ya kuchelewa, na kabla ya Krismasi kutakuwa na kamati ndogo inayokutana Jumatano saa mbili usiku. Ukipendekezwa kuwa katibu, kataa.