Sherehe ya Mtoto Mdogo Ianze na Saa, Mapambo Yafuate

Mzazi anayeamua kumwandalia mwanawe sherehe ya siku ya kuzaliwa nyumbani, kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi huanza kufikiria rangi za maputo, bango lenye jina la mtoto na umbo la keki. Mimi ningependa aanze na saa ya ukutani. Kwa watoto ambao hawajatimiza miaka sita, kinachoamua kama siku hiyo itakuwa ya vicheko au ya vilio ni wakati sherehe inapoanza na muda inaochukua, na nimeona sherehe zilizopambwa vizuri sana zikiharibika kwa sababu tu zilipangwa katikati ya usingizi wa mchana.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu bado hulala mchana, na asipolala hawezi kuwa mwenyeji mzuri wa mtu yeyote. Kwa hiyo sherehe yake ifanyike asubuhi, akiwa ameamka vizuri na kushiba, au alasiri baada ya kulala, na isizidi muda wa saa moja na nusu. Wenye miaka minne na mitano huweza kustahimili saa mbili. Baada ya hapo utaona mmoja anaanza kusukuma wenzake, mwingine amejificha nyuma ya mama yake, wa tatu analilia kitu ambacho dakika tano zilizopita hakukijali. Ndiyo maana naona ni busara mwaliko utaje saa ya kuanza na saa ya kumaliza pia. Wapo wanaodhani kwamba kumtajia mgeni saa ya kuondoka ni kumfukuza kabla hajafika. Lakini mzazi mwenzako, ambaye naye ana mtoto wa kuogesha na kulaza, atakushukuru kimoyomoyo.

Kuhusu idadi ya wageni, wazazi wengi hupeana kanuni kwamba watoto waalikwa walingane na miaka ya mwenye sherehe, pengine kwa kuongeza mmoja. Sioni haja ya kuishika kama sheria, hasa pale ambapo binamu peke yao wanazidi idadi hiyo, lakini mwelekeo wake ni sahihi. Ikumbukwe pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu haji peke yake. Watoto sita ni watu wazima sita au zaidi, na wote wanahitaji pa kukaa, cha kunywa na nafasi ya kupita bila kukanyaga vidole vya mtu.

Michezo ndiyo sehemu ambayo watu wazima hukosea zaidi, kwa kuwa huipanga kwa kukumbuka utoto wao wa miaka minane au tisa. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha uchunguzi wake wa jinsi watoto ambao bado hawajaanza shule wanavyocheza, akaeleza kwamba wadogo zaidi hucheza kandokando, kila mmoja na lake, na kwamba mchezo wa kushirikiana kwa kweli huongezeka kadiri umri unavyosogea. Aliyewahi kuwaketisha watoto wa miaka miwili katika duara na kuwaeleza kanuni za mchezo anajua hali hiyo bila kusoma utafiti wowote. Wape badala yake maboksi matupu ya kuingia na kutoka, bakuli za unga uliokandwa kwa maji na chumvi wa kufinyanga, au shuka kubwa lililotandazwa juu ya meza likawa nyumba, kisha uwaache. Sakafu iliyo wazi ina thamani kuliko ukuta uliopambwa, na nafasi hiyo hupatikana kwa kutoa viti, si kwa kununua kitu.

Kwa wenye miaka minne na mitano, michezo yenye kanuni moja huwafaa: kusimama kama sanamu muziki unapozimwa, au kutafuta vitu vilivyofichwa chumbani. Ninaloliepuka ni mchezo wa kuwatoa watu mmoja mmoja, kama ule wa kugombania viti. Anayetolewa wa kwanza kwa kawaida ndiye mdogo kuliko wote, na kuanzia hapo hana kazi nyingine ila kukaa pembeni na kulia. Viti vikibaki idadi ileile, watoto wataendelea kukimbia, kuketi na kucheka, wala hakuna hata mmoja atakayeuliza mshindi ni nani.

Mtoto mwenye sherehe mara nyingi ndiye hulia kabla ya wote, na sababu yake ni ya haki kabisa: watu wameingia nyumbani kwake na kuchukua vitu vyake. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mwache achague mwenyewe vichezeo ambavyo hataki viguswe, mviweke pamoja kabatini, mfunge mlango. Dakika kumi za kazi hiyo huzuia ugomvi mwingi.

Fujo inapotokea, watu wazima huitupia sukari lawama. Dhana hiyo imechunguzwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, ulikusanya majaribio kadhaa na haukuona kwamba sukari hubadili mwenendo wa watoto. Katika jaribio jingine, la mwaka 1994, akina mama walioambiwa kwamba watoto wao wamepewa sukari waliwaona kuwa watundu zaidi, ingawa watoto hao walikuwa wamepewa kinywaji kisicho na sukari hata kidogo. Meno yanatosha kuwa sababu ya kupunguza peremende. Lakini kuruka juu ya makochi kuna maelezo mengine, nayo ni kelele, umati, na usingizi uliopita bila kulaliwa. Hapo tunarudi kwenye saa.

Keki, basi. Ioke siku moja kabla, iache ipoe kabisa, uifunike vizuri. Ukiipaka krimu ya siagi ikiwa bado na uvuguvugu, krimu itayeyuka na kuteremka pembeni, na hakuna mapambo yatakayoificha. Napendelea keki ya chini iliyookwa kwenye trei ya mstatili kuliko ile ya ghorofa, kwa kuwa hukatwa vipande vya mraba vinavyolingana, na kulingana kwa vipande ni jambo zito sana machoni pa mtu wa miaka minne. Vipande viwe vidogo, maana wengi watalamba krimu na kuacha keki yenyewe. Wala usiisubirishe hadi mwisho. Keki inayoonekana mezani huku hailiki ni mateso, hivyo iweke mahali isipoonekana, uilete katikati ya sherehe, kisha watoto warudi kucheza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson walionyesha mwaka 2017 kwamba kupuliza mishumaa huongeza bakteria juu ya krimu, kwa wastani takribani mara 14. Sidhani kwamba hilo linatosha kufuta furaha ya kupuliza, ila kuna njia rahisi: mishumaa isimamishwe kwenye kikeki kidogo cha mwenye sherehe peke yake, apulize na kutema mate apendavyo, na wageni wakatiwe ile kubwa.

Katika usalama sina mzaha. Puto lisilojazwa hewa, au kipande cha lililopasuka, huweza kuziba koo la mtoto, na Marekani hutaka maputo yauzwe yakiwa na onyo kuhusu watoto walio chini ya miaka minane. Yatundikwe juu wasipofika, na likipasuka, vipande viokotwe papo hapo. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Karanga nzima, bisi na peremende ngumu zisiwepo kabisa kwa watoto wa chini ya miaka minne. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Wazazi waulizwe mapema kuhusu vyakula vinavyowadhuru watoto wao, na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, jambo ambalo sherehe fupi hulitatua yenyewe.

Sherehe ya mwaka wa kwanza naitenga, kwa kuwa ni ya watu wazima. Ni wachache mno wanaokumbuka ukubwani jambo lililowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mtoto wa mwaka mmoja hajui kwa nini nyumba imejaa. Hakuna ubaya kusherehekea kwamba mmevuka mwaka mgumu. Waiteni ndugu, kuleni vizuri, na mtoto akisinzia katikati ya hotuba apelekwe kitandani. Picha zipigwe mapema, nguo zikiwa bado safi.

Zawadi zifunguliwe wageni wakishaondoka. Najua kuna watakaoona ni kukosa adabu, kwa kuwa aliyeleta angependa kuona furaha ya aliyepewa. Lakini mtoto wa miaka mitatu huweza kusema kwa sauti kwamba kitu hiki tayari anacho, na wenzake hawaoni sababu ya kutokivuta kutoka mkononi mwake. Mpe mtu mzima mmoja kazi ya kuandika jina la mletaji juu ya kila furushi linapopokelewa mlangoni, ili kesho yake uweze kumshukuru kila mmoja kwa kutaja alichokileta.