Lotus Elan au Mercedes 300 SEL 6.3? Tuanzie kwenye mpira

Wapenda magari ya zamani wakibishana kati ya Lotus Elan na Mercedes-Benz 300 SEL 6.3, wengi hukimbilia mwendo. Mimi naona tuanzie kwenye mpira, ule uliofichwa chini ya gari.

Elan ilitoka Uingereza mwaka 1962. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliijenga juu ya chasisi ya chuma inayopita katikati kama uti wa mgongo, akaivika bodi ya faiba, na gari zima likaishia takriban kilo 650. Injini ni ya lita 1.6 tu, lakini ina mzigo gani wa kuvuta? Tairi likikanyaga kokoto, vidole vinajua.

Mercedes ilikwenda njia nyingine. Mhandisi Erich Waxenberger alichukua injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.3 kutoka limuzini ya Mercedes 600 akaisokomeza kwenye saluni ya kawaida, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1968. Ina nguvu za farasi 250, uzito zaidi ya kilo 1,700, na inafika kilomita 100 kwa saa kabla ya sekunde 7, abiria wa nyuma wakisinzia. Kwa safari ndefu Elan haiifikii hata robo. Kaa ndani ya Elan kwa muda wa saa nne, mgongo na masikio vitakudai.

Sasa mpira. Kwenye Elan, nguvu hutoka kwenye difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) hadi magurudumu ya nyuma kupitia mipira minne minene ya duara. Achia klachi kwa pupa uone: inajisokota, inajikunjua, gari linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Lakini ikipata ufa, unalala chini na tochi unauona mwenyewe.

Mercedes hukaa juu ya mipira ya hewa inayofanya kazi ya springi. Ikiwa nzima, matuta utayasikia kwa wenzako. Ikivuja, unaiegesha jioni imesimama vizuri, asubuhi unaikuta imelalia tumbo. Hapo kuna kompresa, tangi, valvu na mabomba. Fundi anapaka maji ya sabuni kiungo kwa kiungo akitafuta kipovu kinachovimba. Akikipata, wiki ijayo unashuka upande wa pili.

Elan nayo ina hila zake: faiba haishiki kutu, hivyo mnunuzi huona bodi inang'aa kumbe chasisi imeliwa chini. Na ukisimama kando ya lori, uso wako uko usawa wa nati za gurudumu lake.

Bado ningechukua Elan. Ila viti ni viwili tu, na nyumbani kwangu tuko watano.