Waamuzi Hawakugoma, Walifungiwa Mlango

Waamuzi 121 wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa helmeti na mpira wenye umbo la yai, hawakugoma mwaka 2012. Mkataba wao wa hali bora ulikuwa umekwisha, mazungumzo ya mkataba mpya yakakwama, na mwezi Juni ligi yenyewe ikawafungia mlango wa kazi hadi watakapokubali masharti yake. Kisha ikatafuta watu wengine wa kupuliza filimbi. Naanza na hili kwa sababu hadi leo wapo wanaousimulia mkasa ule kana kwamba marefa walisusa na kuwaacha mashabiki solemba. Hawakususa. Walizuiwa.

Kilichogombewa zaidi kilikuwa pensheni. Waamuzi walikuwa na mpango wa zamani: mwajiri anaahidi kiasi maalumu cha mafao baada ya kustaafu, na soko la fedha likiyumba, hasara ni yake. Ligi ilitaka kuwahamishia kwenye akaunti za mtu mmoja mmoja, ambako mwajiri anachangia sehemu yake na kunawa mikono. Soko likianguka, mstaafu anaanguka nalo. Yalikuwepo mambo mengine pia. Ligi ilitaka baadhi ya waamuzi wawe waajiriwa wa kudumu, na ilitaka kikosi cha ziada cha kuchukua nafasi za wanaovurunda. Lakini mfupa uliowakwama kooni ni pensheni, katika ligi iliyokuwa ikiingiza takriban dola bilioni 9 kwa mwaka.

Najua msomaji wa Mbagala au Kayole ataniuliza: hawa waamuzi si walilipwa wastani wa dola 149,000 kwa mwaka, tena kwa kazi ya muda tu? Ni kweli. Wengi walikuwa na kazi nyingine; Ed Hochuli, mmoja wa marefa waliojulikana kuliko wote, alikuwa wakili. Kamishna wa ligi, Roger Goodell, alisimama juu ya hoja hiyohiyo, akisema pensheni za aina ile zimekwisha kwa wafanyakazi wengi wa Marekani. Ni swali la haki na silikwepi. Ila jibu langu ni kwamba mtu halipwi kwa kuangalia kama tayari anakula vizuri. Analipwa kwa thamani ya anachokifanya na kwa ahadi aliyopewa alipoanza. Kwamba wenzake wengi walishanyang'anywa si sababu ya yeye kuinamisha kichwa anyolewe. Na ligi ilipoamua kwamba ujuzi wake unaweza kupatikana kwingine kwa bei nafuu, ilijitwisha wajibu wa kuthibitisha hilo uwanjani, mbele ya macho ya watu.

Ilishindwa kuanzia siku za mwanzo. Marefa wa mashindano makubwa ya vyuo vikuu, ambao ndio wangefaa zaidi, hawakupatikana. Wasimamizi wao wengi walikuwa marefa wa NFL wa sasa au wa zamani, na hawakuwa tayari kuwaachia vijana wao waende kuziba nafasi za wenzao. Ligi ikashuka ngazi hadi ngazi: vyuo vidogo, shule za sekondari, ligi ndogondogo. Anayepanda daladala Dar es Salaam anamfahamu deiwaka. Dereva mwenyewe hayupo, gari linapewa mtu wa kushikilia siku ile. Deiwaka si mtu mbaya. Anatafuta riziki, na pengine ni dereva mzuri kwenye gari alilolizoea. Lakini breki za gari hili hazijui, na abiria ndio wako ndani.

Kwenye mpira huu kasi ndiyo kila kitu. Mchezaji mwenye kilo zaidi ya 100 anakimbia kwa nguvu zote kumgonga mwenzake, na waamuzi saba wana sekunde moja au pungufu ya kuona nani alishika, nani alisukuma, na kichwa cha nani kiligongwa. Kitabu cha kanuni ni kinene na kina tofauti nyingi na kile cha vyuo. Mwamuzi wa NFL alifika pale baada ya miaka mingi ya kuchezesha wikendi kwa wikendi kwenye ngazi za chini. Huo ndio ujuzi ulioambiwa kuwa unaweza kufundishwa kwa wiki chache za kiangazi.

Msimu ulipoanza Septemba, kasoro zilimiminika. Seattle Seahawks walipewa mapumziko ya ziada ambayo hayakuwa haki yao walipocheza na Arizona. Kocha Jim Harbaugh wa San Francisco aliruhusiwa mara mbili kupinga uamuzi wakati kanuni ilikuwa imeshamnyima nafasi hiyo. Katika mechi ya Tennessee na Detroit iliyoingia muda wa nyongeza, adhabu ya yadi 15 ilihesabiwa kutoka mstari usio wake, na Tennessee wakasogea yadi 27. Mwamuzi mwingine aliondolewa saa chache kabla ya mechi ya New Orleans Saints, baada ya picha zake akiwa amevaa mavazi ya timu hiyohiyo kuonekana Facebook. Mambo haya yote yalitokea ndani ya wiki tatu.

Makosa ya kuhesabu yadi yanasameheka. Lisilosameheka kwangu ni la Septemba 23, Oakland. Darrius Heyward-Bey wa Oakland aliruka kudaka mpira, beki wa Pittsburgh akampiga helmeti kwa helmeti. Alilala pale uwanjani, akatolewa kwa machela, akapelekwa hospitali. Hakuna mwamuzi aliyerusha kitambaa cha adhabu. Baadaye ligi ilimtoza faini aliyempiga, maana yake ilikiri kwamba kosa lilikuwepo. Na hii ilikuwa ligi ambayo, mwaka uleule, ilikuwa imeshitakiwa na maelfu ya wachezaji wa zamani waliosema ilificha madhara ya kugongwa vichwa. Mahakamani ilikuwa inajitetea kwamba inajali ubongo wa wachezaji, huku uwanjani ikiweka watu wasioweza kuulinda ubongo huo. Chama cha wachezaji kiliwaandikia wamiliki kwamba hili ni suala la usalama kazini. Kilikuwa sahihi kabisa.

Kesho yake, Jumatatu ya Septemba 24, Green Bay Packers walikuwa Seattle wakiongoza 12 kwa 7. Dakika za lala salama ziliisha, ukabaki mrusho mmoja tu. Russell Wilson wa Seattle akautupa mpira juu kuelekea eneo la kufungia, ambako rundo la wachezaji lilikuwa linausubiri. Golden Tate wa Seattle alimsukuma beki kwa mikono miwili, wazi kabisa. M.D. Jennings wa Green Bay akaruka juu ya wote, akaudaka mpira na kuubana kifuani. Tate akapenyeza mkono. Waamuzi wawili walifika juu ya rundo lile kwa wakati mmoja na kutoa ishara mbili tofauti. Mmoja alipunga mikono juu ya kichwa, ishara ya kusimamisha saa, mwingine akainua mikono juu: tachidauni, yaani bao kwa Seattle. Wakatazama marudio ya video, lakini kanuni za wakati huo hazikuruhusu kosa la kusukuma lirekebishwe kwa video. Uamuzi ukabaki palepale. Wachezaji waliokwishaingia vyumbani wakarudishwa uwanjani kukamilisha pointi ya ziada, na Seattle wakashinda 14 kwa 12.

Siku iliyofuata ligi ilitoa taarifa ikikubali kwamba Tate alipaswa kuadhibiwa kwa kusukuma, na kwamba adhabu hiyo ingeimaliza mechi pale pale. Matokeo hayakubadilishwa. Green Bay walimaliza msimu wakiwa na ushindi 11 na vipigo 5. Kwa ushindi wa 12 wangeipita San Francisco, wangeruka raundi ya kwanza ya mchujo na wangecheza raundi ya pili nyumbani kwao. Badala yake Januari walisafiri kwenda San Francisco, wakafungwa 45 kwa 31. Siwezi kusema wangetwaa ubingwa. Nasema walinyang'anywa nafasi waliyoitolea jasho, na aliyewanyang'anya si yule bwana aliyeinua mikono.

Hili la yule bwana linaniuma kwa namna yake. Alitukanwa na nchi nzima. Alikuwa mtu mwenye kazi yake ya kawaida aliyepigiwa simu na ligi kubwa kuliko zote Marekani na kuambiwa njoo, na ni wangapi kati yetu tungekataa? Alipewa jukumu asiloandaliwa, kwenye mchezo wa mwisho wa mechi iliyotazamwa na mamilioni. Nafahamu wanachama wa vyama vya wafanyakazi wana neno kali kwa anayeingia kazini wenzake wakiwa nje, na sitetei uamuzi wake wa kwenda. Lakini matusi yalimfuata yeye, wakati wamiliki 32 waliomtuma walikuwa wamekaa kwenye vyumba vyao vya juu uwanjani. Hata Shannon Eastin, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya NFL, aliingia kupitia mlango huohuo, na siku iliyopaswa kuwa ya shangwe ikaingiliwa na mzozo usiomhusu. Ilibidi kusubiri hadi 2015 ndipo Sarah Thomas awe mwanamke wa kwanza kuajiriwa moja kwa moja kama mwamuzi wa ligi hiyo.

Baada ya Seattle kila mtu akapaza sauti. Rais Obama aliandika Twitter akitaka mzozo umalizike. Gavana Scott Walker wa Wisconsin, jimbo la Packers, naye akataka waamuzi halisi warudi; ndiye yuleyule aliyesaini sheria ya 2011 iliyowanyang'anya wafanyakazi wengi wa umma wa jimbo lake haki ya kujadiliana mikataba yao kwa pamoja. Walimu wa Wisconsin walikuwa wamelala kwenye sakafu ya jengo la bunge la jimbo wakipinga sheria hiyo. Kwa ajili ya walimu hakuyumba. Kwa ajili ya mpira akaona umuhimu wa mfanyakazi mwenye ujuzi ndani ya usiku mmoja.

Makubaliano yalifikiwa usiku wa Septemba 26, siku mbili tu baada ya mechi ile. Mkataba wa miaka 8. Waamuzi waliokuwepo wakabakishiwa pensheni yao hadi msimu wa 2016, kisha waende kwenye mfumo wa akaunti. Waajiriwa wapya waanze na akaunti moja kwa moja. Wastani wa malipo upande hadi dola 173,000 mwaka 2013 na 205,000 ifikapo 2019. Ligi ikapata ruhusa ya kuajiri baadhi yao kwa kudumu. Waamuzi walipiga kura, 112 kwa 5. Ukiyasoma masharti hayo utaona kwamba kila upande ulipata sehemu ya ulichotaka, na hakuna hata kimoja ambacho kisingeweza kuandikwa mwezi Agosti. Wiki zile tatu zilikuwa ni wamiliki kupima tu kama wanaweza kupita bila kulipa.

Na kwa muda walionekana wanaweza. Steve Young, nyota wa zamani wa 49ers, timu ya San Francisco, alieleza kwenye televisheni wiki moja kabla ya Seattle kwamba ligi haina haraka kwa sababu mashabiki wataendelea kutazama vyovyote iwavyo. Alisema kweli, watu walilalamika wakiwa wamekaa mbele ya runinga. Kilichowatikisa wamiliki ni pale watu walipoacha kuyaamini matokeo. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya dola milioni 150 za kamari zilibadili mikono kwa ishara ile moja. Ukishaanza kuuliza kama aliyeshinda ameshinda kweli, mchezo wote unakuwa maigizo, na hakuna mtu anayelipia tiketi ya maigizo kwa bei ya mpira. Alhamisi, Septemba 27, kikosi cha mwamuzi Gene Steratore kilipoingia uwanjani Baltimore, mashabiki walisimama na kuwapigia makofi. Wengi wao, nadhani, hawakuwahi kumshangilia refa maishani.

Ningependa kusema somo liliingia. Halikuingia. Februari 2024, waamuzi wa ligi ya soka ya Marekani, MLS, waliukataa mkataba wa awali kwa zaidi ya asilimia 95 ya kura, nao wakafungiwa mlango, kama walivyofungiwa 2014. Msimu ukafunguliwa Februari 21 kwa mechi ya Inter Miami ya Lionel Messi ikichezeshwa na mbadala, katika ligi ambayo Apple ilikuwa imekubali kuilipa dola bilioni 2.5 kwa miaka 10. Mwezi mzima ukapita kabla mkataba wa miaka 7 haujapatikana. Sisi wa Afrika Mashariki tunaomfuatilia Messi tulitazama, na wengi hatukujua kabisa nani alikuwa nje ya geti. Huku kwetu marefa hawafungiwi mlango. Wanachezesha kisha wanasubiri posho. Waamuzi wa Kenya wamelalamika hadharani mara kadhaa kuhusu malimbikizo, na bado penalti moja ikikosewa jukwaa zima linaimba kwamba refa amenunuliwa.

Kuna waliowahi kukataa. Novemba 2010 marefa wa Scotland waligoma kwa sababu ya kudhalilishwa na kutuhumiwa, na chama cha soka kikaita waamuzi kutoka nje. Wa Luxembourg, Malta na Israeli walichezesha. Wareno walifika, wakaelewa wameitiwa nini, wakarudi kwao.

Wachezaji wa NFL hawakuweza kufanya hivyo 2012, kwa sababu mkataba wao uliwakataza kugoma. Mkataba wao wa sasa, wa mwaka 2020, unafika hadi msimu wa 2030. Utakapofunguliwa, chama chao kidai kifungu kinachosema kwamba ligi ikiwafungia mlango waamuzi wake, mchezaji hatalazimishwa kuingia uwanjani wala kukatwa mshahara kwa kutoingia. Wao ndio wanaogongwa vichwa. Wana kila haki ya kuchagua nani awe amesimama karibu akitazama.