Turubai la lori si nguo ya boti

Mwaka wetu wa kwanza na boti tuliifunika kwa turubai la lori, na sikuona kosa lolote. Hapa Mbeya turubai la lori ndilo linalofunika kila kitu: viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela, saruji, mbolea. Kama madereva wa Tunduma wanaliamini kwa mizigo ya watu, mimi ni nani nilikatae? Tukalitandika juu ya boti, tukapitisha kamba ya manila kwenye ringi za pembeni, tukakaza kwa nguvu zetu zote, tukaivuta kwa tela kuteremka kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Tulipolifunua pale ufukweni, kaka yangu alipitisha kidole ubavuni mwa boti, kidole kikatoka cheupe kama cha mwalimu aliyemaliza kipindi. Ringi moja ya chuma ilikuwa imegonga mahali palepale tangu Uyole, hapa Mbeya, hadi ziwani. Ilikuwa imechimba mfereji wa urefu wa kiganja, ikamaliza rangi, ikamaliza ile ngozi laini ya juu, hadi nyuzi za faiba zikawa zinaonekana. Upande wa pili, turubai lilisugua kioo cha mbele mpaka kona yake ikawa na weupe ambao hautoki kwa sabuni wala kwa dawa. Hiyo ni safari moja ya zaidi ya kilomita 100, na boti ilikuwa bado haijagusa maji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kifuniko gani, kwanza namuuliza boti yake inasafiri au inakaa. Karibu kila mtu anataka kifuniko kimoja cha kuvutia barabarani na cha kuhifadhia nyumbani, na akienda dukani anachagua kwa kuwazia mvua. Mimi nasema achague kwa kuwazia upepo. Fedha yake aiweke kwenye kifuniko cha njiani, kilichokatwa kwa kipimo cha boti yenyewe, na nyumbani aisimamishie boti paa la bati. Kifuniko kizuri chini ya bati kitadumu miaka, na jua la mwaka mzima halifanyi uharibifu ambao turubai linalopigapiga linaufanya kwa saa tatu.

Upepo hauongezeki polepole kama tunavyodhani. Ukitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu inayosukuma kifuniko haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ongeza malori ya Kasumulu, mpakani na Malawi, mnayopishana nayo, kila moja likikutupia pigo la hewa kutoka ubavuni. Kitambaa kilicholegea hata kwa upana wa mkono kinaanza kupumua: kinavimba, kinashuka, kinavimba tena, na kila kinaposhuka kinashuka na vumbi lililoingia chini yake. Vumbi hilo ndilo msasa. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu anunue kifuniko cha saizi kubwa "ili kienee vizuri". Kikienea vizuri mno kitakula boti. Kifuniko sahihi ukikipiga kwa kiganja kinalia, hakikunjamani.

Vifuniko vya dukani vinauzwa kwa urefu na upana, na hapo wengi tunakosea kupima. Urefu unapimwa kwa mstari ulionyooka katikati ya boti, kutoka ncha ya omo, yaani pua ya boti, hadi nyuma, bila kuhesabu mashine. Upana unapimwa pale boti inapopanuka zaidi, na hapo mara nyingi ni katikati, si nyuma. Kisha kuna umbo. Boti mbili za futi 17 zinaweza kulingana kwa tepu na zisivae kifuniko kimoja, kwa sababu moja ina kioo na usukani katikati na nyingine iko wazi kama sinia. Sisi tuliishia kwa fundi anayeshona viti vya mabasi. Nilimwambia asipime kwa maneno yangu. Alikuja nyumbani, akatandaza karatasi ya nailoni juu ya boti, akachora kwa kalamu ya wino mzito kila kona, kila chuma cha kufungia kamba, akaondoka na ile nailoni ikiwa mfano kamili. Kazi ile ilimchukua asubuhi nzima na sikumharakisha hata kidogo.

Nilimsisitizia mambo mawili. La kwanza, uzi uwe wa poliesta, si wa pamba. Uzi wa pamba unaoza kabla ya kitambaa, na siku mshono unapofumuka utadhani kitambaa kimekuwa kibovu. La pili, mishono ya kukingama ilalie nyuma, kama bati zinavyopandana, ili upepo wa mbele upite juu yake badala ya kuingia ndani. Mengine aliyaongeza mwenyewe: viraka vya kitambaa mara mbili kwenye kona za kioo na juu ya kila chuma kilichochomoza, na kamba iliyofichwa ndani ya pindo kuzunguka boti yote. Hakuna ringi hata moja. Badala ya ringi kuna vitanzi vya mkanda wa nailoni vilivyoshonewa kwenye pindo, kila baada ya sentimita 70 hivi, na mikanda bapa inapita hapo kwenda kukazwa kwenye fremu ya tela. Mkanda bapa unapigwa msokoto mmoja kabla ya kukazwa, maana ukikaa umenyooka unatetemeka na kuvuma njia nzima, na kinachotetemeka kinasugua.

Kuhusu kitambaa, najua nitabishana na wengi. Turubai la lori, lile zito la plastiki (PVC), halipitishi maji, na hiyo ndiyo sifa yake na ndilo tatizo lake. Halipitishi maji ya juu, halipitishi wala mvuke wa chini. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi inauma, mchana jua linawaka. Boti iliyorudi na unyevu sakafuni inafukiza maji mchana, na usiku maji yaleyale yanageuka matone chini ya turubai na kudondokea viti. Fungua baada ya wiki mbili: viti vina kuvu jeusi, makoti ya kuokolea maisha yananuka, waya za usukani zimeanza kijani. Na kama kuna tangi la petroli ndani, mvuke wake nao umefungiwa humo. Kifuniko kinatakiwa kiwe na matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa kofia ndogo, moja mbele na moja nyuma.

Lile turubai jepesi la bluu sitalizungumzia sana. Kwa kufunika matofali ya uani linafaa. Barabarani halifiki Kiwira likiwa zima.

Kinachofaa ni kitambaa cha poliesta kilichofumwa, chenye dawa ya kuzuia maji upande wa juu, uzito wa kati. Unaweza kukipima dukani bila chombo chochote. Mwagia maji kidogo: yanatakiwa yasimame kama shanga. Kisha weka mdomo upande wa chini na upulize: pumzi ipite, japo kwa shida. Halafu omba kipande cha ukingo, chomoa uzi mmoja, ukate na uangalie kati yake. Kama kitambaa ni chekundu na ndani ya uzi ni pweupe kama kiazi mviringo, rangi imepakwa juu tu na jua litaila. Kama uzi una rangi hadi ndani, rangi ilitiwa kabla uzi haujavutwa, na kitambaa hicho kitakaa.

Jua la huku juu lisidharauliwe kwa sababu ya baridi. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayochoma, inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Mtu wa Matema, ambako ziwa liko chini ya mita 500, anahisi joto kuliko sisi, lakini kitambaa kilichoachwa wazi Uyole kinachomwa zaidi kuliko chake, pakiwa hakuna mawingu. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisimamie paa la bati. Nguzo nne za mkaratusi na bati chache si gharama ya kutisha kwa mtu aliyenunua mashine ya boti.

Sasa mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tukuyu wanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Kyela mwezi wa Aprili haina mzaha. Chukua kifuniko cha mita za mraba 10 kilicholegea katikati, kikanyeshewa milimita 50 usiku mmoja: hizo ni lita 500, nusu tani, zimekalia mishono. Kitambaa kikichanika maji yote yanaingia ndani ya boti, na tela linabeba mzigo ambao halikukusudiwa. Kama ni lazima boti ilale nje, iwe na mgongo. Sisi tunatumia mwanzi mrefu kutoka omo hadi juu ya kioo na mwingine kutoka kioo hadi nyuma, umesimamishwa kwa vijiti vilivyovishwa vipande vya tyubu kichwani ili visitoboe. Mwanzi ni mwepesi, hauoti kutu, na Rungwe hauutafuti mbali. Safarini mianzi hiyo tunaifunga kwenye viti isihame. Boti ikilala, omo unainuliwa na kizibo cha nyuma kinatolewa, ili tone lolote lililopenya lijitokee lenyewe.

Ndugu zangu wa Iringa wanaoshusha boti kwenye bwawa la Mtera wana shida nyingine kidogo. Kule chini kuna joto na vumbi kuliko mvua, na mteremko wa Nyang'oro unataka mikanda iliyokazwa sawasawa pande zote mbili, la sivyo kifuniko kinasogea upande mmoja kila kona. Rangi hafifu itawafaa kuliko nyeusi. Kitambaa cheusi kinaficha uchafu, ndiyo, lakini kinapika viti.

Wapo wanaoniambia kushonesha ni gharama mara mbili ya kununua turubai la kawaida. Ni kweli, kwa siku ya kwanza. Lakini mfereji ule wa urefu wa kiganja ulitutaka tununue resini (gundi ya faiba), kitambaa cha faiba, dawa ya kugandisha na msasa wa aina tatu, tumlipe fundi nauli kutoka Dar es Salaam na siku mbili za kulala, na mpaka leo kiraka kinaonekana kwa sababu rangi haikulingana. Kioo hakikupona. Kwa fedha ile tungeshona vifuniko viwili na chenji ingebaki.

Kabla ya kufunika, boti tunaiosha na kuikausha, hata kama tumechoka na mvua inatishia kutoka upande wa Milima ya Livingstone. Mchanga wa Matema ukibaki ubavuni, kifuniko bora kuliko vyote duniani kitaushikilia na kuusaga. Kaka yangu ndiye mkaidi wa jambo hili, anapita na kitambaa kikavu hadi chini ya pindo, na nimeacha kumwambia afanye haraka. Tukishaondoka tunasimama mara ya kwanza Ipinda, kwa sababu mikanda mipya hulegea mwanzoni. Ya pili ni Tukuyu. Ya tatu ni Kiwira, kabla ya mlima na ukungu wa Isyonje, na hapo mmoja wetu anazunguka tela akivuta kila mkanda kwa mkono, upande wa barabara kwanza.