Taurini, panya na kiinua mgongo cha wazee wetu

Mwezi Juni 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Vijay Yadav, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Panya wa umri wa kati walipewa kila siku taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopewa kwa asilimia 10 hadi 12. Mifupa yao ilikuwa imara zaidi na misuli ilikuwa na nguvu zaidi. Kima aina ya rhesus waliopewa taurini kwa miezi sita nao walionekana kunufaika. Watafiti wakaongeza kwamba taurini katika damu ya mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ile iliyomo katika damu ya mtoto wa miaka mitano.

Ukiyaweka pamoja, hitimisho linajileta lenyewe: tunazeeka kwa kuwa taurini inatuishia, basi tuirudishe. Ndivyo wauzaji walivyolisoma. Leo ukiwa na kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa au la wastaafu, huna budi kukutana na picha ya kichupa chenye ahadi ya kurudisha ujana. Kama si taurini, ni virutubisho vingine vyenye ahadi hiyo hiyo: NMN, au resveratroli, au kolajeni, au unga fulani wenye mchanganyiko wa vyote.

Nasema bila kuzunguka: hakuna kirutubisho hata kimoja ambacho kimethibitishwa kurefusha maisha ya binadamu asiye na upungufu wa lishe. Anayemuuzia mzee kidonge kwa ahadi hiyo anamuuzia kitu ambacho hakimo ndani ya kichupa. Na uthibitisho ninaoutaka si mgumu kuueleza. Wachukue watu wengi, wagawe kwa kura, nusu wapewe kirutubisho na nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, pasiwe na anayejua kapewa kipi, kisha miaka ipite na wahesabiwe waliokufa kila upande. Damu iliyopimwa ikaonekana nzuri haitoshi. Panya aliyeishi zaidi hatoshi. Shuhuda za wateja ndizo zinazotosha kidogo kuliko vyote.

Kuna watakaoniona mkali. Lakini jaribio la namna hiyo limewahi kufanyika kwa kirutubisho kilichokuwa na sifa nzuri kuliko taurini ya leo, na matokeo yake ndiyo yanayonifanya niwe mkali.

Kirutubisho hicho ni beta-karotini, ile rangi ya chungwa iliyo kwenye karoti, embe, papai, boga na viazi lishe. Mwili huigeuza kuwa vitamini A. Miaka ya 1980 wanasayansi walikuwa na kila sababu ya kuiamini. Tafiti baada ya tafiti zilionyesha kwamba watu wanaokula sana mboga na matunda yenye rangi hiyo hupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Maelezo ya kitaalamu yalikuwepo pia, kwamba inazuia uharibifu wa seli unaoletwa na kemikali kali mwilini. Na ni chakula, nani angeogopa embe?

Kuanzia mwaka 1985 Finland ikafanya kazi ambayo wauza vidonge hawapendi ifanywe. Wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavutaji sigara, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku, baadhi vitamini E, baadhi vyote viwili, na baadhi kidonge tupu. Walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Vifo vyao kwa jumla vilizidi kwa asilimia 8. Vitamini E haikupunguza saratani hiyo.

Wengi walidhani ni bahati mbaya ya hesabu. Huko Marekani lilikuwepo jaribio jingine, la watu 18,314 waliokuwa wavutaji, waliowahi kuvuta, au waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Hao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 wasimamizi walilisimamisha, miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu upande wa vidonge ulikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi na vifo kwa asilimia 17 zaidi.

Msomaji, naomba utulie hapo kidogo. Wale watu walijitolea. Walipewa kitu kilichokuwa na nadharia safi, kilichotoka kwenye chakula, kilichosifiwa na wataalamu wakweli wasiokuwa na nia ya kumdanganya mtu. Na baadhi yao walikufa mapema kwa sababu yake. Bila kura na bila kuhesabu vifo, pengine tungekuwa bado tunawapa wavutaji sigara beta-karotini na kuwaambia wanajikinga. Embe halikuwa na kosa. Embe lina mamia ya vitu vingine ndani yake, na anayekula matunda na mboga kila siku mara nyingi ndiye huyo huyo asiyelewa, anayetembea, na mwenye kipato cha kununua matunda.

Hilo la mwisho lina uzito wake, maana ndipo shuhuda nyingi zinapozaliwa. Wanaonunua virutubisho huwa na afya na uwezo kuliko wasionunua, hata kabla ya kufungua kichupa. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 390,124 wazima wa afya, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Waliomeza vidonge vya vitamini mchanganyiko kila siku hawakuishi zaidi ya wasiomeza, pamoja na faida zote hizo walizokuwa nazo tayari.

Sasa turudi kwenye taurini. Juni 2025, miaka miwili kamili baada ya habari ile kubwa, jarida lile lile la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani. Wao hawakulinganisha tu mtoto wa leo na mzee wa leo. Walichukua damu ya watu wale wale kadiri miaka ilivyopita, wakapima pia kima na panya. Kwa sehemu kubwa taurini haikupungua kwa umri. Ilibaki pale pale au ikapanda. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa kuliko tofauti iliyoletwa na uzee. Ile nguzo ya kwamba inatuishia tukizeeka, ambayo matangazo yote yamejengwa juu yake, haikusimama.

Mwezi mmoja kabla, kundi la Chuo Kikuu cha Rochester lilikuwa limeeleza katika jarida la Nature kwamba baadhi ya saratani za damu huitumia taurini iliyomo kwenye uboho ili kukua. Kazi hiyo ilifanywa kwa seli na kwa panya, kwa hiyo asije mtu akatangaza kwamba taurini inaleta saratani. Haijaonyesha hivyo. Inachoonyesha ni kwamba kitu kile kile kinachoweza kuisaidia seli nzima kinaweza kuilisha seli mbaya, nasi hatujui miilini mwetu ipo ipi. Pweza, ngisi, samaki na nyama vina taurini, na mwili wenyewe huitengeneza. Sina neno na pweza. Ninalo neno na gramu kadhaa za unga kila siku kwa miaka kumi kwa mzee ambaye hakuna aliyempima.

Na kwa nini panya wanatudanganya hivi? Panya wa maabara huishi miaka miwili hadi mitatu, ndani ya boksi, na wengi wao hufa kwa uvimbe wa saratani. Ni nadra afe kwa kiharusi au mshtuko wa moyo, ambavyo ndivyo vinavyowaangusha wazee wetu. Kitu kinaweza kuchelewesha kifo cha panya na kisiguse kabisa kinachotuua sisi. Isitoshe, hata miongoni mwa panya sifa nyingi huanguka zikirudiwa. Resveratroli, ile ya kwenye zabibu nyekundu, ilivuma kiasi kwamba mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitoa dola milioni 720 kuinunua kampuni changa iliyokuwa ikiifanyia kazi. Mpango wa serikali ya Marekani unaojaribu vitu hivi katika maabara tatu kwa pamoja ulipoipima kwa panya wa kawaida, haikurefusha maisha yao. Bado inauzwa.

Baba yangu mdogo alistaafu ualimu akapata kiinua mgongo chake. Hazikupita wiki nyingi akaja kijana mwenye adabu, anayejulikana pale mtaani, akiwa na mkoba, vipeperushi na mashine ndogo ya kushika mkononi inayodai kusoma mwili mzima kwa dakika moja. Mashine ikasema seli zimechoka. Dawa ya seli ilikuwemo kwenye mkoba. Mzee alinunua, na kwa kuwa aliambiwa mwili ukishajirekebisha dawa za hospitali hazihitajiki, akaacha vidonge vyake vya presha. Tulipompeleka kupimwa ilikuwa 190 kwa 110.

Simlaumu kijana peke yake. Naye aliuziwa ndoto, anadaiwa mtaji, na analipwa kwa idadi ya watu anaowaingiza. Lakini biashara hii ina mzee mwisho wa mnyororo, na mzee huyo ana fedha zake za mwisho maishani. Hilo linaniuma.

Kuna jambo ambalo yeyote anaweza kulifanya leo. Chukua kichupa kilichoandikwa kimetengenezwa Marekani, kile ambacho muuzaji anakionyesha kama ushahidi wa ubora, usome maandishi madogo ya nyuma. Kikiwa na ahadi yoyote kuhusu kazi ya mwili, sheria ya kule ya mwaka 1994 inamtaka mtengenezaji aandike kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria hiyo hiyo haimlazimishi kuthibitisha kwa serikali, kabla ya kuuza, kwamba bidhaa inafanya kazi. Mwenye mali ameandika mwenyewe. Muuzaji wa huku hawatafsirii wateja mstari huo.

Sisemi virutubisho vyote ni upuuzi. Mjamzito anahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki, tena kwa ushauri wa kliniki. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano mara mbili kwa mwaka yana maana kubwa pale penye upungufu. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na apimwe. Hao wana pengo linalojulikana na linalozibwa. Hiyo si kazi ya kuuza ujana.

Anayetaka wazazi wake waishi, vipo vitu vilivyopita kwenye lile jaribio la kuhesabu vifo. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza matokeo ya watu 9,361 wenye presha na hatari ya ugonjwa wa moyo. Walioshushwa namba ya juu ya presha kuelekea chini ya 120 walikufa wachache kwa takriban robo kuliko walioachwa chini ya 140. Dawa zilizotumika ni za kawaida, zipo na huku, kama amlodipini, na hazina mtu anayezipigia debe mtaani.

China ilifanya jaribio linalotuhusu zaidi sisi. Vijiji 600, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha ya juu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, wakapikia mchuzi ule ule jikoni kwao. Baada ya takriban miaka mitano, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Chumvi tu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu, asiiguse bila daktari, na hata kwenye jaribio hilo wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuhusishwa.

Nimeitafuta chumvi hiyo kwenye maduka ya mtaani kwetu sijaiona. Taurini naletewa mlangoni. Wafanyabiashara mnaoagiza mizigo, na ninyi wa viwanda vya chumvi mnaoweka madini joto kila siku kwa kuwa sheria inawataka, hii ndiyo bidhaa ninayowaomba. Iwekeni kwenye pakiti ya nusu kilo, mwandike onyo la figo kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na bei iwe ile ambayo mama wa nyumbani hatasita kuilipa.