Huyu mwandishi kaishia Posta na Masaki

Jamani, kuna mwandishi kaandika eti Dar haina utamaduni wake, kila mtu kaja na wa kwao hapa ni biashara tu. Mwandishi njoo Kariakoo saa moja jioni uone. Mzee wa kahawa na birika lake, mkaa chini, vikombe anavigonganisha mpaka unajua yuko kona gani kabla hujamuona, unakaa kwenye benchi na kashata yako unakuta Mndengereko, Mhaya, Mpare na Mkinga wa duka la jumla wote wanabishania penati ya jana. Na mpira wenyewe sio starehe tu, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ziko hapo hapo, Jangwani na Msimbazi, unatembea kwa mguu, ukihamia Dar utaulizwa timu kabla ya kabila.

Hata jina Kariakoo ni Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza vita ya kwanza, watu wakalitamka kwa mdomo wao likawa letu. Jina daladala hivyo hivyo, dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, ndiyo nauli ya mabasi hayo zamani. Sasa kama huo sio utamaduni ni nini?

Nachokubaliana naye ni joto na foleni tu, hapo simtetei mtu, juzi nimetoka Mbagala nimesimamia mguu mmoja, wa pili sijui ulikuwa juu ya ndoo ya samaki ya nani.