Upekuzi safi wa mwezi uliopita

Karatasi ile ya upekuzi, yaani majibu rasmi ya ofisi ya ardhi kuhusu nyumba niliyotaka kununua Dar es Salaam, ninayo hadi leo kwenye bahasha ya kaki. Ina mhuri wa Msajili wa Hati, namba ya hati, kitalu na namba ya kiwanja, jina la mmiliki, na chini yake maneno niliyoyasubiri kwa hamu: hakuna rehani, hakuna zuio. Mdogo wangu aliipiga picha akanirushia WhatsApp nikiwa kwenye treni natoka kazini. Nilimpigia mke wangu pale pale. Nyumba ilikuwa safi.

Wiki sita baadaye mdogo wangu alipeleka nyaraka za uhamisho, akaambiwa haziwezi kupokelewa. Kuna zuio, yaani taarifa ya mtu mwenye dai iliyowekwa kwa msajili ili uhamisho usimame.

Nilidhani tumepewa karatasi ya kughushi. Haikuwa hivyo. Siku ilipotolewa ilisema kweli tupu. Zuio liliwekwa baadaye na mke wa muuzaji, alipopata habari mtaani kwamba nyumba waliyoijenga pamoja inauzwa bila yeye kuulizwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa haki hiyo: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Nilikasirika siku kadhaa, kisha nikamfikiria dada yangu akiwa katika nafasi ya yule mama, na hasira ikaisha. Pesa ya awali ilirudi vipande vipande kwa karibu mwaka mzima.

Naandika haya kwa sababu kwenye vikao vyetu vya Watanzania huku Uingereza kuna wimbo mmoja: nyumbani hakuna mfumo, huku kuna mfumo. Sikubaliani nao. Nyumbani upekuzi rasmi upo. Unaomba, unapewa namba ya malipo, unalipa, unapata majibu yenye mhuri. Kwa ardhi iliyopimwa na kusajiliwa, majibu yale ni ya kweli. (Kwa kiwanja kisichopimwa ni habari nyingine kabisa. Huko unategemea majirani, wazee na ofisi ya serikali ya mtaa, na hakuna karatasi ya msajili itakayokusaidia.) Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba Waingereza wanachukulia kwamba karatasi safi huchacha, na wakaipa muda.

Niliponunua nyumba huku, wakili wangu aliomba upekuzi mara ya mwisho siku chache kabla ya malipo. Nikamuuliza kwa nini, wakati nakala ya daftari la ardhi alikuwa nayo tangu mwanzo. Akanieleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kusoma tu. Hii ya pili inampa mnunuzi kinga ya siku 30 za kazi. Ndani ya siku hizo, mtu mwingine akileta rehani au dai lake juu ya nyumba ile, haliwezi kunitangulia, mradi maombi yangu ya uhamisho yafike kabla muda haujaisha. Nilikaa kimya kwenye simu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kilichonipata Dar es Salaam: kati ya siku ya upekuzi na siku ya uhamisho kuna pengo, na mimi nililiacha wazi wiki sita nzima nikikusanya pesa.

La pili ni uwazi. Daftari la ardhi la Uingereza na Wales lina sehemu tatu: nyumba yenyewe, mmiliki, na madeni na masharti yanayoifunga. Tangu Desemba 1990 mtu yeyote anaweza kuomba nakala, hata jirani asiye na nia ya kununua. Leo ni pauni 7. Hadi mwishoni mwa 2024 ilikuwa 3. Utaona jina la mwenye nyumba na benki inayomdai, ingawa kwa kawaida kiasi cha deni hakiandikwi. Mwanzoni niliona ni kumvua mtu nguo hadharani. Sasa naona uwazi huo ndio ulinzi wenyewe, kwa sababu nyumba yenye deni haiwezi kuuzwa kimyakimya kwa mgeni anayeogopa kuuliza.

Na nyumbani tunaogopa kuuliza. Nilipotaja upekuzi, dalali aliniambia, "Kaka, mzee huyu ni mtu mzima, utamvunjia heshima." Nimesikia maneno kama hayo kutoka kwa watu wengi, wengine ndugu zangu wa damu. Sisi tulio mbali ndio tunaoumia nayo zaidi, maana hatuwezi kwenda kukaa na majirani jioni tukasikia kinachosemwa.

Huku nako siyo salama asilimia mia. Matapeli hujifanya wenye nyumba na kuuza nyumba za watu, na mtu anayeishi ndani anaweza kuwa na haki ambayo daftari halionyeshi. Kwa hiyo wameweka huduma ya bure: unaandikisha hadi nyumba 10, na mtu akiomba upekuzi au kuleta maombi fulani juu ya mojawapo, unapata barua pepe. Nimemwandikisha mama mkwe wangu, mjane anayeishi peke yake.

Hilo ndilo ningependa tulianze nyumbani kesho. Mdogo wangu akinunua umeme wa LUKU wa shilingi elfu tano, ujumbe unafika kabla hajarudisha simu mfukoni. Kwenye kiwanja chetu cha urithi, chenye hati halali, sijawahi kupata ujumbe wowote kwamba kuna mtu ameuliza habari zake. Simu zipo na namba zetu zinajulikana. Halafu kwenye karatasi ya upekuzi ichapwe kwa herufi kubwa majibu haya yanamkinga mnunuzi hadi tarehe gani, ili hata shangazi yangu asiyejua sheria aone kwamba karatasi ina mwisho wake.

Kwa sasa ninafanya kwa mikono kile ambacho huku hufanywa na wakili mmoja. Tumepata nyumba nyingine, Kigamboni. Upekuzi wa kwanza ulifanyika kabla sijataja bei. Wa pili utaombwa wiki ya mkataba, na siku ya kusaini, wakili wetu anapeleka zuio kwa jina langu, kwa kuwa mwenye mkataba naye ana maslahi ya kulinda. Risiti za kodi ya pango la ardhi nimeziomba kando. Na nimemwambia mdogo wangu kwamba sitasaini mpaka mke wa muuzaji aje mezani mwenyewe, asome, aulize anachotaka kuuliza. Jana alinijibu kwamba yule mama amefurahi, na ameomba kikao kisogezwe hadi Alhamisi ili mwanae mkubwa awepo.